Ghala liko Nachingwea, malipo yako Ruangwa: kanzidata mbili za mbali zinaungwaje?

Fikiria umekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa masoko ya mazao, katika kijiji kimoja cha Ruangwa. Ni Novemba. Korosho zimeshakwenda ghalani, mnada umepita, na watu wamekuja kuulizia hela zao. Mama mmoja anatoa karatasi aliyoikunja mara nne. Kilo 412. Karani anamwamkia, anaandika namba kwenye kompyuta, anasubiri, kisha anakuna kichwa.

"Mama, mfumo unaonesha mzigo wako bado haujaingia ghala kuu."

"Mwanangu, mzigo ulipimwa hapa hapa, na lori likabeba nikiona kwa macho yangu. Karatasi hii hapa."

"Ni kweli mama, lakini mfumo..."

Kisa hiki tumekitunga, na hatumsemi mtu wala ofisi yoyote. Ila kama umewahi kusimama dirishani ukaambiwa "mfumo unasema bado", basi unajua uchungu wake. Karatasi inasema kweli, karani anasema kweli, na hata kompyuta, kwa upande wake, inasema kweli: inasema kile inachokijua. Shida ni kwamba ghala lina kompyuta nyingine, mahali pengine, inayojua zaidi. Leo tuone namna kompyuta hizo mbili zinavyoweza kuulizana, na kwa nini kuziunganisha ni kazi ndogo kuliko kuutunza muunganiko huo.

Kwanza, mambo ya korosho kwa ufupi

Kama hujafika kusini, twende pole pole. Korosho ya Lindi na Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni Na. 10 ya mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza kutumika msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, zinapimwa na kupangwa kwa madaraja, kisha zinasafirishwa hadi ghala kuu. Mwendesha ghala anapokea mzigo na kutoa stakabadhi. Mzigo unaingia mnadani, mnunuzi analipa, makato yanaondolewa, na kinachobaki kinakwenda kwa mkulima.

Kwa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu cha ushirika ni RUNALI. Ukitazama jina lenyewe utaziona wilaya zote tatu ndani yake. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, maarufu kama TMX.

Sasa hesabu wewe mwenyewe: AMCOS ina kumbukumbu zake, ghala lina zake, chama kikuu kina zake, soko lina zake, benki ina zake. Kilo 412 za yule mama zinapaswa kuwa kilo 412 kila mahali. Hapo ndipo hela yake ilipo.

Kuanzia hapa tutatumia mfano wa darasani: kanzidata ya malipo iko Ruangwa, kanzidata ya ghala iko Nachingwea. Mifumo halisi ina sehemu nyingi zaidi, lakini ukielewa hizi mbili, zile tano hazitakusumbua.

Kanzidata ya kimahusiano ni nini?

Kanzidata ni mahali pa kutunzia taarifa kwa mpangilio, ili zitafutike haraka na zisipotee hovyo. Aina inayotumika sana maofisini ni ya kimahusiano. Wazo lake lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM. Alisema taarifa zipangwe kwenye majedwali, na majedwali yahusiane kwa thamani zilizomo ndani yake, siyo kwa mahali zilipohifadhiwa kwenye diski.

Kwa mfano, jedwali la wakulima lina namba ya mkulima, jina na kijiji. Jedwali la stakabadhi lina namba ya stakabadhi, namba ya mkulima, daraja na kilo. Ukitaka kujua jumla ya kilo za mkulima fulani, unayaunganisha majedwali mawili kwa kutumia ile namba ya mkulima inayoonekana kote. Maswali hayo huandikwa kwa lugha ya SQL.

Angalia vizuri hilo wazo la Codd. Kama mahusiano yanategemea thamani tu, basi kinadharia haijalishi kama majedwali yote yako kwenye diski moja, au moja liko Ruangwa na jingine Nachingwea. Namba ya mkulima ni ile ile. Watafiti waliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 IBM walikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa R*, wa kanzidata iliyogawanywa kwenye kompyuta zilizo mbalimbali. Maswali mengi waliyokutana nayo wao, ndiyo yale yale utakayokutana nayo wewe leo.

Si tunakili tu kwenye flash?

Njia ya kienyeji inajulikana: kila Ijumaa mtu wa ghala anatoa faili, analituma kwa WhatsApp au kwa flash, na mtu wa malipo analipakia kwenye kompyuta yake. Inafanya kazi, mpaka siku inapogoma.

Tatizo la nakala ni kwamba huanza kuzeeka dakika ile ile inapotengenezwa. Mzigo ulioingia Jumamosi hauko kwenye faili la Ijumaa. Kosa lililosahihishwa ghalani Jumatatu linabaki kosa Ruangwa hadi Ijumaa ijayo. Mbaya zaidi, mtu akirekebisha nakala badala ya kumbukumbu mama, sasa kuna ukweli wa aina mbili, na hakuna anayejua upi ni upi. Yule mama wa kilo 412 huenda ni wa Jumamosi.

Wazo la kiungo linakuja hapo: badala ya kuhamisha taarifa, peleka swali pale taarifa ilipo, urudi na jibu la sasa hivi.

Kiungo chenyewe

Kiungo cha kanzidata ni maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kanzidata moja, yanayoiambia namna ya kuifikia nyingine. Kina vitu vinne: jina la kiungo, anwani ya kanzidata ya mbali, jina la mtumiaji atakayetumika kule, na nywila yake. Kwenye Oracle, amri yake ni hii:

CREATE DATABASE LINK ghala CONNECT TO msomaji IDENTIFIED BY nywila_ndefu USING 'nachingwea';

Maana yake: tengeneza kiungo kiitwacho "ghala", ukifika kule ingia kama "msomaji" kwa nywila hii, njia ya kufika ni ile tuliyoipa jina "nachingwea" kwenye orodha ya anwani. Baada ya hapo, mtu aliyeko Ruangwa anauliza hivi:

SELECT namba, kilo FROM stakabadhi@ghala WHERE namba = 'R-0412';

Ile alama ya @ ndiyo safari yote. Kanzidata ya Ruangwa inalitambua jedwali kuwa la mbali, inafungua mawasiliano na Nachingwea, inajitambulisha, inatuma swali, inapokea mistari ya majibu, na kumkabidhi karani kana kwamba imeitoa kabatini kwake.

Bidhaa nyingine zina njia zao. PostgreSQL ina postgres_fdw iliyokuja na toleo la 9.3 mwaka 2013. Unaeleza seva ya mbali, unaeleza mtumiaji, kisha unatengeneza jedwali kivuli linaloonekana la hapa kumbe liko kule. Imefuata utaratibu uliowekwa kwenye viwango vya SQL vya mwaka 2003. MySQL ina majedwali ya aina ya FEDERATED. SQL Server nayo ina seva zilizounganishwa. Majina yanatofautiana, ila vile vitu vinne utavikuta kote.

Jambo moja linalowashangaza wanaoanza: Oracle haijaribu kiungo unapokitengeneza. Ukikosea nywila au anwani, amri inapita bila neno, nawe unaenda kunywa chai ukijua umemaliza. Kosa linakuja kuibuka siku ya kwanza ya kukitumia, pengine mbele ya foleni ya wakulima. Kwa hiyo ukishakiunda kiulize swali dogo hapo hapo.

Na kuna hili la pili, ambalo si la kompyuta kabisa. Kiungo kinaunganisha mashine, hakiunganishi maana. Kama Ruangwa wanaandika namba ya mkulima "00731" kama maandishi, na Nachingwea wameiandika 731 kama namba, majedwali hayatakutana hata waya ukiwa mzima. Kama huku ni kilo na kule ni tani, yatakutana, ila kwa hasara. Kabla ya kuandika amri yoyote, kaeni chini mkubaliane: namba ipi ndiyo utambulisho, kipimo kipi, na nani mwenye haki ya kuisahihisha.

Umbali unalipiwa

Kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 400. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 4. Hiyo ni bei ya chini kabisa ambayo maumbile yanakuwekea. Njia halisi haijanyooka, ina vituo, minara na foleni, kwa hiyo tuseme unapata milisekunde 40.

Milisekunde 40 ni kufumba na kufumbua. Lakini subiri. Tuseme programu imeandikwa vibaya: ina wakulima 10,000, na kwa kila mmoja inatuma swali lake peke yake ghalani. 10,000 mara milisekunde 40 ni sekunde 400, karibu dakika saba, na muda huo wote umepotelea njiani. Ukiomba stakabadhi zote 10,000 kwa swali moja, safari inakuwa moja au chache tu. Ni kama kwenda sokoni: hakuna anayekwenda kununua kitunguu, akarudi nyumbani, akaenda tena kununua nyanya.

Kosa la pili ni kinyume chake: kubeba soko zima. Ukiuliza "nipe stakabadhi za kijiji hiki", ni vizuri uchujaji ufanyike Nachingwea na ije mistari 200. Kanzidata isipokuwa makini, inaweza kuvuta jedwali zima lenye mistari laki kadhaa hadi Ruangwa, ndipo ichambue. Karani anaona jibu lile lile, ila amesubiri sana na kifurushi cha intaneti kimeisha.

Ndiyo maana watengenezaji wamehangaika sana kusukuma kazi upande wa mbali. Kwenye PostgreSQL, kuunganisha majedwali upande wa mbali kulianza na toleo la 9.6 mwaka 2016, na kujumlisha upande wa mbali kukafuata kwenye toleo la 10 mwaka 2017. Kabla ya kulaumu mtandao, iulize kanzidata mpango wake wa kujibu swali. Ina amri ya EXPLAIN kwa kazi hiyo hiyo. Utaona ni sehemu ipi inafanyika kule na ipi inafanyika hapa.

Kusoma ni rahisi, kuandika pande mbili ni kazi

Mpaka sasa tumekuwa tukiuliza tu. Sasa tufanye jambo lenye uzito. Mzigo wa kilo 412 umeuzwa. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, kabla ya makato ni shilingi 1,236,000. Mambo mawili lazima yatokee: Nachingwea, stakabadhi ibadilike kuwa "imeuzwa", Ruangwa, deni la shilingi 1,236,000 liandikwe kwa jina la mama.

Umeandika upande wa ghala, na kabla hujaandika upande wa malipo umeme umekatika. Ghala linasema korosho zimeshauzwa. Malipo yanasema hakuna anayedai. Mama hana korosho na hana hela. Geuza mpangilio uanze na malipo, na sasa mnaweza kulipa mzigo ambao bado uko sokoni na utauzwa mara ya pili. Hakuna mpangilio wa kuandika utakaokuokoa. Unachohitaji ni yote mawili yatokee, au lisitokee hata moja.

Suluhisho la zamani linaitwa uthibitisho wa hatua mbili. Na bahati nzuri watu wa kusini wanaujua mwenendo wake kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta, kwa sababu mnada wa korosho unafanana nao. Bei inatangazwa, kisha wakulima wanaulizwa: mnaafiki? Wakikubali, mzigo unauzwa. Wakikataa, unabaki ghalani. Oktoba 2018 wakulima wa kusini walikataa bei mnadani, na mzigo haukutoka. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kuulizwa kwanza si adabu tu. Ndiko kunakozuia biashara ya nusu nusu.

Kwenye kompyuta ni hivi. Kanzidata moja inakuwa mratibu. Hatua ya kwanza, inaziuliza zote: je, mko tayari? Kila moja inafanya kazi yake, inafunga mistari inayohusika ili mwingine asiiguse, inaandika ahadi yake kwenye diski, ndipo inajibu "niko tayari". Ile ya kuandika kwenye diski ni muhimu: hata umeme ukikatika, ikiamka itaikumbuka ahadi yake. Hatua ya pili, kama wote wamesema ndiyo, mratibu anaandika uamuzi na kuamuru: thibitisheni. Akikataa hata mmoja, amri ni tengueni. Hapo ndipo inapotofautiana na mnada: kwenye mkutano wengi wape, lakini hapa sauti moja ya hapana inavunja shughuli nzima.

Oracle ilikuja na utaratibu huu kwenye toleo lake la 7 mwaka 1992. Ukitumia kiungo kuandika pande mbili, inaufanya yenyewe. Lakini usidhani kila kiungo kinao. Ile postgres_fdw ya PostgreSQL haifanyi uthibitisho wa hatua mbili kwa muamala wa mbali. Kuna dirisha dogo ambalo upande mmoja unaweza kuthibitisha na mwingine ukaanguka. Ukijenga mfumo wa malipo juu yake bila kulijua hilo, siku moja litakufika, na litamfika mkulima kabla yako.

Uthibitisho wa hatua mbili nao una kidonda chake. Tuseme Nachingwea imesema "niko tayari", kisha mawasiliano na mratibu yakakatika kabla ya amri ya mwisho. Haiwezi kuthibitisha, maana huenda mwingine alikataa. Haiwezi kutengua, maana huenda mwingine ameshathibitisha. Ni kama wakulima wameshanyoosha mikono, mwenyekiti akaingia kwenye gari na kuondoka bila kutamka neno. Korosho haziuzwi kwa mwingine, wala haziondolewi ghalani. Muamala wa namna hii huitwa wenye mashaka, na mistari yake inabaki imefungwa. Oracle ina kazi ya nyuma ya pazia iitwayo RECO inayojaribu kumaliza mashaka hayo mawasiliano yakirudi, na orodha yake utaiona kwenye DBA_2PC_PENDING. Msimamizi asiyeitazama orodha hiyo hata siku moja, kuna mtu dirishani anamtazama yeye.

Waya ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024 watu wengi Tanzania waliamka intaneti ikisuasua au haipo kabisa. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikuwa imepata hitilafu. Siku chache kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika kwa mafuriko. Mwezi mmoja, somo moja mara mbili: njia hukatika.

Hapa ndipo unapouona umuhimu wa kujua kanzidata yako ya mbali iko wapi hasa. Swali la kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea kwa mawasiliano ya ndani ya nchi halina haja ya kuvuka bahari. Lakini kama "ghala" lako kwa kweli ni seva ya kukodi iliyoko Ulaya, basi kilomita chini ya 50 zilizo kati ya miji hii miwili, kama ndege arukavyo, zinapitia Bahari ya Hindi kwenda na kurudi.

Njia inapokatika lazima uchague, na hesabu yenyewe haikupi la tatu. Mwaka 2000 Eric Brewer alilisema kama dhana, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha: pande mbili zikishindwa kuwasiliana, ama unakataa kuhudumia ili kulinda ukweli mmoja, ama unaendelea kuhudumia na kukubali kwamba pande zinaweza kutofautiana kwa muda. Jibu sahihi linategemea kazi. Kupokea mzigo wakati mtandao haupo? Endelea, andika hapa, utatuma baadaye; lori haliwezi kusubiri mkongo. Kuruhusu mzigo utoke ghalani bila uhakika wa malipo? Simama. Uamuzi huu ufanyike mapema, mezani, na watu wa ushirika wakiwemo. Usiachwe ufanywe na programu saa saba mchana foleni ikiwa ndefu.

Kutunza kiungo

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo haifundishwi sana. Kiungo ni funguo ya nyumba ya mtu. Mwenye nayo anaingia. Kwa hiyo:

Mpe mgeni haki ndogo iwezekanavyo. Yule mtumiaji "msomaji" wa mfano wetu aone jedwali la stakabadhi tu, tena asome bila kuandika. Usitumie akaunti ya msimamizi mkuu kwa kuwa "ndiyo inayokubali haraka". Afadhali zaidi, Nachingwea watengeneze mwono, yaani jedwali la kuonesha tu, lenye safu zinazohitajika kwa malipo na si vinginevyo. Namba ya simu ya mkulima haina kazi kwenye kuhakiki kilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa.

Usitengeneze kiungo cha umma bila sababu. Oracle inatofautisha kiungo binafsi, kinachotumiwa na mwenyewe tu, na cha umma, kinachotumiwa na kila aliyemo kwenye kanzidata. Cha umma ni sawa na kuacha funguo chini ya zulia la mlangoni: kila mtu anajua ilipo.

Fahamu ulivyonavyo. Orodha ya viungo vyote iko kwenye DBA_DB_LINKS. Isome angalau kila mwanzo wa msimu. Mara nyingi utakuta kiungo kilichowekwa na mtu aliyeshahama, kwenda kwenye seva ambayo haipo tena. Kiondoe: DROP DATABASE LINK na jina lake.

Funga ukimaliza. Kila kiungo kinachofunguliwa kinashikilia nafasi pande zote mbili. Kwa kawaida Oracle huruhusu viungo 4 tu kuwa wazi katika kikao kimoja kwa wakati mmoja. Na jambo la kuchekesha kidogo: kwenye Oracle hata kusoma tu kupitia kiungo kunafungua muamala. Usipoumaliza, kanzidata itakukatalia kukifunga, nawe utabaki unashangaa.

Badili nywila kwa mpango. Nachingwea wakibadili nywila ya "msomaji" bila kuwaambia Ruangwa, kiungo kinakufa kimya kimya. Andika mahali: kiungo hiki kimewekwa na nani, kwa ajili gani, nani apigiwe simu kikilala.

Na ujue wakati wa kutokitumia. Kiungo kinafaa pande mbili zinapoaminiana na zinapohitaji jibu la sasa hivi. Ripoti nzito za mwisho wa msimu ni heri zifanyike kwenye nakala inayosasishwa yenyewe, ili usiwaelemee watu wa ghala wakiwa wanapokea malori. Na taasisi nyingi zinapotakiwa kuzungumza, kila moja ikiweka kiungo kwa kila nyingine mtapata utando wa buibui: taasisi 5 zinahitaji viungo kati ya jozi 10, taasisi 10 jozi 45. Serikalini ndiyo maana kuna GovESB, mfumo wa pamoja wa kubadilishana taarifa unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao: kila taasisi inajiunga mara moja katikati.

Turudi kwenye benchi

Yule mama bado amekaa. Kama karani ana kiungo kizima, jibu linakuja kwa sekunde moja: mzigo uliingia Jumamosi, kilo 412, umeuzwa. Kama njia imekatika, mfumo mzuri hausemi "mzigo haujaingia". Unasema: "Sijaweza kuwasiliana na ghala tangu saa nne asubuhi, taarifa niliyonayo ni ya jana." Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa. La kwanza linamwambia mama kwamba karatasi yake ni ya uongo. La pili linamwambia arudi kesho, na kwamba hakuna aliyemdhulumu.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kujenga mfumo wa namna hii, kwenye ushirika, zahanati au shuleni, usiishie kwenye amri ya kuunda kiungo. Hiyo ni mstari mmoja. Jiulize swali moja la ziada: kiungo hiki kikikatika, programu yangu itamwambia nini mtu aliyeko dirishani? Ukiona jibu ni "haipo", wakati ukweli ni "sijui", rudi ukalirekebishe kabla msimu haujaanza.